Bomba Lililong'aa

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, ingawa kuna siku natamani ningeisahau. Nilikuwa kijana wa kuchomelea vyuma hapa Arua, miaka ile ambayo ukisikia gari la jeshi linapunguza mwendo nje ya nyumba yako, mate yanakukauka mdomoni. Likapunguza mwendo mbele ya kibanda changu. Likasimama.

Akashuka sajini mmoja wa Koboko. Alikuwa amesikia nimejitengenezea baiskeli ya kuegemea kwa bomba jeusi la maji, ile ambayo mpandaji analala kidogo na miguu inatangulia mbele. Mji mzima ulinicheka, ukaiita kitanda cha magurudumu. Yeye hakucheka. Baba yake, mkulima wa Ludara, alianguka kutoka kwenye lori, na tangu hapo hakuweza kuinamia usukani wa baiskeli ya kawaida. Sajini akashusha mabomba membamba yanayong'aa.

"Tengeneza na hii," akasema. "Sitaki ile bomba nyeusi ya maji. Baba yangu si maskini. Jumamosi nakuja."

Nikaitika, ndiyo afande. Ningesema nini? Alipoondoka nikaunga vipande viwili, nikaviweka juu ya jiwe, nikavikanyaga. Vikapinda kando ya kiungo kama bua la mtama. Lile lilikuwa bomba la viti, mwanangu, si la kubeba mtu. Baiskeli ya kuegemea ni ndefu, uzito wote unakaa katikati. Mzee angeteremka mlima mmoja tu, fremu ikatike, na mgongo wake ungekwisha kabisa. Nililijua hilo, na bado nikawasha gesi nianze kukata. Nilikuwa najiambia, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Bibi yangu, ambaye sisi Wanubi tunamwita haboba, aliona chakula changu hakijaguswa. Akanichimba mpaka nikasema yote. Nilidhani atanionea huruma.

"Wewe iko naogopa bunduki," akasema. "Sawa, hata mimi naogopa. Lakini ile mzee hana bunduki, kwa hivyo ndio yeye aanguke?"

Aibu iliyonishika, we acha tu. Kisha akanipa akili: fundi hawezi kumkataza askari, lakini kwetu hata askari hakai kitini baba yake akiwa amesimama. Niende kwa baba yake huyo sajini.

Nikapanda lori la mihogo kwenda Koboko, kile kipande kilichopinda nimekifunga ndani ya shuka. Kwenye kizuizi askari akakitoa, akakigeuzageuza, akauliza nimeiba wapi. Nikasema ni kazi ya sajini, na sauti ikanitoka nyembamba ya kitoto. Alinitazama, ndipo akanirudishia. Ludara nikamkuta yule mzee, nikamweleza yote. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akakiweka kipande juu ya goti, akakipinda zaidi kwa mikono yake. Akaniambia nitumie bomba jeusi, na mwanawe atasema naye yeye mwenyewe.

Jumamosi gari likaja. Fremu nyeusi ilikuwa tayari, nami nimesimama kando yake nasoma shahada kimoyomoyo. Sajini akaizunguka, akaigonga kwa buti.

"Ulimwambia baba yangu mimi nataka kumwangusha?"

"Hapana, afande. Nilimwambia unamheshimu, ila bomba ndiyo imekataa."

Akanikazia macho. Macho yale mpaka leo nayaota. Kisha akaipakia baiskeli kwenye gari, akaondoka. Miezi baadaye nilimwona mzee njiani Koboko amejiegemeza kwenye kitanda chake cha magurudumu, anasalimia watu.

Mwanangu, leo unaposhika kazi hii yangu, sikwambii usiogope. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyoishi. Lakini unapochagua bomba, chagua lenye ukuta mnene, na lisiwe lililopakwa zinki, maana moshi wake utakulaza na homa. Liunge, likanyage kabla hajalikalia mwingine. Na ukijikuta kati ya watu wawili wa kuogopa, yule anayeagiza na yule atakayepanda, mwogope zaidi atakayepanda, kwa sababu yeye amekuamini na hakuoni.

Mola akutulize mkono, mwanangu, na kila atakayekalia ulichounga afike kwake salama.