Komeo la Ndani

Mimi sina ulimi wa kubembeleza, na yule fundi wa vitasa niliyepanga naye nyumba moja alikuwa kama hana ulimi kabisa. Wapangaji walimwita Bubu. Salamu yake ilikuwa kutikisa kichwa, basi. Mlango wake haukufungwa mchana wala usiku. Aliuzuia kwa tofali usijifunge. Fundi wa vitasa, jamani! Tulimcheka, ati kinyozi hajinyoi.

Wezi walipobeba vitambaa vya wateja wangu, nikamwita aniwekee kitasa. Kurudi kutoka sokoni nikakuta komeo la ndani, laini ajabu. Nje, patupu.

"Haya, nikitoka nifunge na nini? Mate?"

Hakucheka. "Dada, mimi chumba anacholala mtu sikiwekei kufuli la nje."

Nikamfokea. Ndipo akasema. Alfajiri moja alimfungia mkewe na binti yao kwa nje, wasisumbuke kuamka kufunga mlango, akaenda kazini. Moto ulianzia kwa jirani. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Yarabi! Hasira zote zikanitoka. Nikamkaribisha chai. Akainywa kizingitini, akiwa amesimama.

Tangu hapo nikienda sokoni yeye huleta benchi lake mlangoni kwangu, akachonga funguo mpaka nirudi. Namtania, "Mlinzi, leo umeniibia nini?" Siku njema hujibu, "Sindano." Siku mbaya, na mbaya ndizo nyingi, hubeba benchi lake akaondoka. Sisemi amepona. Nani alipona na jambo kama lile?

Juzi homa ilinilaza. Mvua ikashuka, upepo ukawa unaingiza maji hadi kitandani, naye kasimama kizingitini na kikombe cha maji ya kumezea dawa.

"Fundi, ingia au toka, lakini funga huo mlango."

Nilijua ninamwomba nini, na roho iliniuma. Aliingia. Akausukuma mlango, akashika komeo, asilisogeze. Jasho lilimchuruzika.

"Dada, husikii joto?"

"Nasikia baridi, kaka yangu. Baridi tupu."

"Kweli?"

"Kweli. Funga."

Akafunga. Kisha akakaa chini, mgongo mlangoni, mkono bado uko kwenye komeo, akamlilia bintiye kwa jina mpaka mvua ikakatika.