Nyanya Anadhani Ninaweka Lami

Nyanya yangu kule Olenguruone ameambia kanisa zima eti mimi najenga barabara. 😂

Tangu nimalize chuo, kila akipiga simu kuuliza kazi, namjibu tu, "Bado natarmac, shosho."

Leo nimetoka kuacha CV kwa ofisi hapa Nakuru, simu ikalia.

"Kijana yangu, hiyo lami mtatuletea lini? Hapa kwa kanisa ni matope tupu!"

Ikabidi nimweleze: kutarmac ni kuzunguka mjini ukitafuta kazi, na kila ofisi inataka uzoefu ambao hakuna mtu anakupatia.

"Woi, na nimeshawaambia watu wa kanisa!" Nikajua nimemuaibisha.

"Sawa," akasema. "Nitawaambia barabara ni ndefu, lakini hujaiacha."

Nimecheka mpaka nyumbani.

Wajenzi wenzangu, nyinyi mmefikisha lami wapi?