Nafasi ya Nne

Mwalimu Fabien hajawahi kuona mashindano ya badminton kwa macho yake. Mwendo wa uwanjani alijifunza kwenye kijitabu chenye picha, akachora mistari kwa majivu nyuma ya shule yake pale mjini Baraka, kando ya ziwa, akaanza kuwafundisha watoto: hatua tatu ndefu hadi pembeni, piga kinyoya kwa raketi, rudi katikati. Kwa ubishi hana mfano, na alichokisoma hakiachi.

Ndiyo maana mwanafunzi wake Nella alimsumbua. Binti huyu wa rasi ya Ubwari, anayekaa mjini kwa shangazi yake, hakupiga hatua ndefu hata moja. Aliburuza nyayo, magoti yamekunjwa, miguu haipishani. Watoto wanne walitakiwa kwenda Uvira kushindana, na Nella aliitamani safari ile mpaka akakosa usingizi. Fabien aliandika majina matatu, na nafasi ya nne akaiacha wazi kuliko kumpa mburuza miguu. Lakini mbona kinyoya hakimpiti?

"Nani alikufundisha kutembea hivi?"

"Hapana muntu, Mwalimu. Miguu inaendaka yenyewe."

Jibu halikumtosha. Ijumaa baada ya masomo akamfuata hadi ufukweni, ambako Nella humsaidia mjomba wake na nyavu. Binti akasimama ndani ya mtumbwi, na Fabien akaiona miguu ile ile: akivuta wavu anateleza hadi ukingoni, akimaliza yuko katikati tena, mtumbwi umetulia.

"Na mi nijaribu," akasema.

Mjomba akampisha apande, akificha kicheko. Nella akamwonyesha kamba iliyokuwa mbele. Fabien akaiendea kwa hatua yake ndefu ya kitabuni, na ziwa likampokea pamoja na viatu vyake vya shule.

Maji yalimfika kifuani. Aliona aibu, ndiyo, lakini furaha ya kujua ilizidi aibu.

"Mwalimu, umepishanisha miguu," Nella alisema taratibu, akimnyooshea kasia ashike. "We mwenyewe unatuambiaka kila siku: turudie katikati."

Orodha mfukoni ilikuwa imelowa, haisomeki. Ikabidi aandike nyingine, na safari hii alianza na jina la Nella. Jumatatu alichora mtumbwi kwa majivu, akamweka Nella mbele ya wenzake afundishe. Yeye akasimama nyuma ya watoto wote, pekupeku, akijifunza kuburuza miguu.