Tunda la Nne kwenye Kitambaa cha Nabwire

Nilifunga safari ya Tororo kwa sababu mdogo wangu, Nabwire, alikuwa amekaribia kujifungua. Uhuru wetu wa Kenya ulikuwa bado mchanga. Mumewe, Obbo, alikuwa seremala. Alikuwa amechonga kiti chenye mti wa uzima mgongoni, na kila mtoto alipozaliwa aliongeza tunda. Mimi nilishona mti uleule kwenye kitambaa cha kukifunika, kama tulivyofundishwa na akina mama wa kanisa. Watoto walikuwa watatu. Kwa haraka zangu, nikashona tunda la nne.

"Mtoto hashonewi kabla hajalia," mama alinionya.

Nilimcheka. Nilijiona msomi.

Saa mbili asubuhi nilivuka mpaka pale Busia kwa miguu. Askari wa forodha upande wa Uganda alikunjua kitambaa, akatabasamu.

"Muti muzuri. Matunda iko nne. Watoto pia nne?"

"Wanne," nilijibu kwa maringo. Mungu anisamehe.

Ng'ambo nilipanda basi la Tororo. Tulipopita Buteba lilipata pancha, tukakaa kando ya mashamba ya pamba hadi jua likawa utosini. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilitoa sindano nikaongeza majani. Nilikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo inayoniuma hadi leo.

Alasiri, mwamba wa Tororo ukiwa mbele yetu, nilishuka nikafuata njia ya kwa Obbo. Nilimkuta uani akipiga randa ubao. Ulikuwa mfupi mno kwa kiti. Hakuinua uso.

"Shemeji, mtoto ilikataa kubaki. Jana asubuhi."

Nilikaa palepale kwenye takataka za mbao nikalia.

Ndani, Nabwire alikuwa amelala akitazama ukuta. Tulilia pamoja, kisha akaulizia kitambaa. Nilimwambia nimekisahau nyumbani.

"Dada, mimi nakujua. Kilete."

Nilikitoa. Nikachukua wembe nikaanza kukata uzi wa lile tunda, huku nikimwomba msamaha. Akanishika mkono.

"Wacha. Huyo pia nilimzaa."

Asubuhi iliyofuata tulimzika mtoto karibu na nyumba. Waombolezaji walipotawanyika, Obbo alitoa kile kiti nje, akachukua patasi, akachonga tunda la nne. Nabwire mwenyewe ndiye aliyekifunika kiti kwa kitambaa.

Nilikaa wiki mbili nikimpikia, kisha nikarudi nyumbani Busia. Mama aliniuliza kama nililifumua lile tunda. Nilimwambia Nabwire alinikataza. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Sijui kama sindano yangu ndiyo iliyouita msiba ule. Kasisi anasema sivyo. Hata hivyo, siku hizi mimi hushona shina, matawi na majani tu, kisha huweka sindano chini mpaka nisikie mtoto akilia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyoambiwa. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika halikuwa langu.