Mtani Haulizi Bei

Ndege ilipotua Nausori, uwanja wa mji wa Suva, mvua ilikuwa inamwagika, na Ulamila akacheka peke yake kama mwendawazimu. Abiria wenzake walijifunika magazeti vichwani wakakimbilia mlangoni. Yeye alitembea polepole, nywele zikalowa, blauzi ikamganda mgongoni, wala hakujali. Miaka ishirini na moja alikuwa Brisbane akiwatunza wazee wa watu, akiwaogesha na kuwalisha, na kila mvua ya kule aliiona ya ubahili. Hii ndiyo mvua. Na safari hii hakuja kwa mazishi wala harusi, alikuja kukaa.

Dereva wa teksi alimwuliza hoteli gani.

"Mimi na hoteli wapi na wapi? Nipeleke Raiwaqa, kwa mdogo wangu. Lakini pitia sokoni kwanza."

"Soko limeshafungwa, mama."

"Nataka kuliona tu. Kwani kuona kunalipiwa?"

Waliupita mji huku yeye akichungulia dirisha hili na lile. Palipokuwa na duka la mkate sasa pana benki. Ule mti uliokuwa ukiangushia watu majani vichwani bado upo. Soko nalo lipo palepale karibu na bandari, na alipoliona alipiga kofi gotini kwa furaha, dereva akashtuka. Mle ndani aliuza mapapai na ndimu miaka kumi na miwili.

Kwa Raijieli, mdogo wake, walimpokea vizuri mno. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Walimketisha upande wa juu wa mkeka, wanakokaa wageni wa heshima. Walimtolea kikombe cha udongo chenye maua, kile kisichoshuka kabatini mpaka aje mchungaji. Apisai, mume wa Raijieli, aliyekuwa akimtania mpaka machozi yamtoke, sasa alikaa amefunga mikono.

"Shemeji, hakuna baridi? Tufunge dirisha?"

"Baridi ya nini, Apisai? Mimi nimezaliwa hapa!"

"Ni kweli, shemeji. Samahani."

Ulamila alipoinuka kwenda kuwasaidia kupara samaki, Raijieli alimrudisha kwa upole. "Kaa, dada. Umechoka na safari."

Ulamila alikaa. Alikula majani ya magimbi yaliyoungwa kwa tui zito, akaramba vidole, akasifu. Lakini moyoni kitu kilimwasha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alilitaka usiku uleule. Kwa umri wake wa miaka hamsini na minane hakuomba jambo jingine lolote ila asifanywe mgeni katika mji wake. Akajipa moyo: kesho atakwenda sokoni, atamkuta Sakiusa, na Sakiusa hajui heshima.

Sakiusa ndiye aliyekuwa jirani yake wa meza, muuza magimbi. Watu wa kisiwa cha baba yake Ulamila na watu wa kisiwa cha kina Sakiusa ni watani tangu enzi za mababu, na utani wao si wa mdomo mtupu. Mtani huchukua. Akikipenda kitu chako amekibeba, nawe huna ruhusa ya kununa, subiri zamu yako. Mwaka mmoja Sakiusa alichukua mwavuli wa Ulamila katikati ya mvua kama hii. Ulamila naye akamwanulia kambani sulu yake, lile vazi la kufunga kiunoni la kwenda kanisani, na Jumapili ile Sakiusa akamwimbia Mungu akiwa na kaptura.

Asubuhi alifika sokoni akitembea nusu anakimbia. Alimwona kwa mbali: kofia kichwani, tumbo mbele, nyuma ya rundo la magimbi. Mbele ya meza walisimama wanunuzi wawili, naye akapanga foleni kama alivyozoea kupanga kila mahali kwa miaka ishirini na moja. Zamu yake ilipofika, furaha ikamchanganya, ulimi ukatoka na maneno ya dukani Brisbane.

"Habari za asubuhi. Samahani, fungu hili ni bei gani?"

Sakiusa alimtazama, kisha akainama kuyapanga magimbi yake.

"Dola kumi, mama."

Alilipa. Alifungiwa magimbi yake vizuri. Akaambiwa asante mama, karibu tena. Akaondoka na mzigo wake mpaka Raiwaqa.

"Hakunijua," alimwambia Raijieli. "Au amenijua na hanitaki. Ameniita mama! Sakiusa yule!"

"Kwani ilikuwaje?"

Akasimulia. Alipofika kwenye bei, Raijieli aliweka kisu chini.

"Ulimwuliza bei? Sakiusa?"

"Eeh, nili..." Ulamila akajiziba mdomo.

"Ukapanga na foleni?"

"Nikapanga na foleni."

"Na ukalipa! Mtani wako! Dada, ungempiga kofi asingeumia hivi. Sasa ulitaka akutukane vipi, na wewe umemwendea kama mtalii?"

Ulamila hakungoja mwavuli. Alitoka mbio kwenye mvua, na wale wanaosema mwanamke wa umri huo hakimbii hawakumwona siku hiyo. Aliingia sokoni akivuja maji, akawapita wanunuzi wote bila kuomba radhi, akanyakua fungu kubwa kuliko yote mezani. Kisha akanyoosha mkono akamvua Sakiusa kofia, akaivaa, akageuka kuondoka.

Nyuma yake kimya. Hatua moja, ya pili, ya tatu. Akadhani basi, imekwisha, amechelewa.

"Mwizi!" Sauti ilipasua soko zima. "Jamani, mwizi! Mkamateni huyo bibi!"

Wauza mizizi ya kava, wauza samaki, wote wakasimama. Ulamila akageuka, uso ukimwaka kwa furaha.

"Nyamaza, kipara! Magimbi yenyewe yameoza kama meno yako!"

"Meno yangu yameisha kwa kusaga hasira! Umeniuliza bei, Ulamila! Bei! Tangu asubuhi chai haipiti kooni!"

"Sasa mbona hukunitukana?"

"Nimtukane mgeni? Mimi nina adabu zangu!"

Watu waliangua kicheko. Askari wa soko, mwanamke mnene aliyekuwa akila roti, chapati ya kukunja, aliifunga roti yake taratibu, akaja akamshika Ulamila mkono kwa uso mkavu kabisa, maana mambo haya nani Suva asiyeyajua.

"Mwizi wako huyu hapa, Sakiusa. Tumfanyeje?"

Sakiusa alizunguka meza, akasimama mbele yao. Alifungua kinywa atukane tena, badala yake akajifuta macho kwa kiganja chenye udongo.

"Mfunge," alisema. "Lakini mfungie hapahapa Suva. Mkimwachia atatoroka tena, na mimi sina miaka mingine ishirini ya kumsubiri."

Ulamila akalia kwa sauti pale katikati ya soko, amekumbatia magimbi ya wizi, wala hakuyarudisha.