Kisu Cheupe Tulichoenda Nacho Msituni

Mwezi uliopita binti yangu aliniomba nimsindikize sokoni kununua kisu. Anahamia Kampene na mume wake, atawapikia wachimbaji wa dhahabu, na njia ya huko ni ile ile mbovu ya siku zote: pikipiki inakwama kwenye matope, mtu analala porini siku mbili. Alitaka kisu kimoja cha kazi zote, kumenya muhogo, kukata kamba, kuchonga kuni. Nilimwambia aende na mtu mwingine. Kisha niliona haya, nikaenda.

Mhunzi wetu hufua visu kwa resori, zile springi za chuma za malori yaliyokufa. Nilimrudishia vinne. Cha kwanza, chuma kiliishia katikati ya mpini. Mimi nataka kipenye hadi mwisho, kiwe kimeingizwa cha moto hadi mti ukaungua. Cha pili kilikuwa chembamba mgongoni. Cha tatu nilikigonga kwa ukucha, kikalia kama sufuria iliyotoboka. Cha nne nilikichukia tu, sina sababu.

"Mama, weye unachagua kisu ao mukwe?" binti yangu akauliza.

Mhunzi alicheka. Mimi nilikasirika, nikawaambia wote wawili wanyamaze, watu wakageuka kututazama. Binti yangu hajui kwa nini niko hivi, ingawa alikuwapo. Wakati ule alikuwa mgongoni mwangu.

Baba yangu alikuwa mchinjaji hapa Kindu, miaka mingi sana. Nyumba nyingi za Waislamu wa mji huu zilikula nyama iliyopita mkononi mwake, na hakuna aliyeuliza kama ni halali. Vita vilipotufikia, wenye bunduki waliingia nyumba kwa nyumba wakichukua kila chuma chenye makali, maana aliyekutwa na panga aliitwa adui. Visu vyake vyote vilikwenda siku moja. Alikaa kizingitini, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyefiwa.

Tulipoamua kuvuka mto na kukimbilia upande wa Pangi, tulihitaji kisu, kifupi cha kuficha ndani ya kitenge. Baba alitaka cha mhunzi. Mimi nilikuwa nimeona kingine kwa mchuuzi, cheupe, kinang'aa, mpini wa plastiki mwekundu, tena hakishiki kutu. Nilimwambia kizuri chajiuza. Baba alikikunja kidogo kwa vidole, akakinusa, akanirudishia.

"Hiki chuma iko laini," alisema. Nikabisha. Nilikuwa mtoto wake wa pekee na alinizoea vibaya. Akasema, "Haya, mwana akililia wembe, mpe."

Msituni tulipokelewa na mkulima mmoja ambaye hakuwa Mwislamu. Alitupa kibanda pembeni ya shamba lake, lakini shamba lilikuwa limekwisha kuvunwa na wenye bunduki. Tulikula majani, na majani yenyewe yakawa machache. Maziwa yangu yakakauka. Baba alishikwa na homa, mifupa ya mabega ikatokeza.

Siku moja yule mkulima alikuja na mboloko, yule swala mdogo wa msitu, amefungwa miguu. Mtego ulikuwa umemkamata akiwa mzima, na mtu yule, mwenye njaa kama sisi na watoto watatu nyumbani, hakumwua.

"Muzee, nimekuletea akingali muzima," alisema, "juu ya dini yako."

Baba alinyoosha mkono, nikampa kile kisu cheupe. Asubuhi ile nilikuwa nimechimbia viazi vya porini kwa kisu hicho, kisha nikakinoa kwenye jiwe la kijito, na kwa macho yangu kilikuwa kikali. Baba alitaja jina la Mungu, akavuta. Makali yalijikunja. Kisu kiliteleza juu ya manyoya, mnyama akaruka, akajipinda mikononi mwa mkulima, na shingo ikavunjika kabla ya tone moja la damu kutoka. Alikufa pale pale bila kuchinjwa.

Baba alikaa chini. "Hii njo nyamafu sasa," alisema.

Nilimwambia ni dharura, dini inaruhusu, yeye mwenyewe alinifundisha hivyo. Alikubali. Alisema dharura ni yetu sisi wengine, tupike, tule, na hasa mimi nile kwa ajili ya mtoto wa mgongoni. Yeye hapana. "Mimi nikikula hii, wale watu wote niliowachinjia watasema nini?" Hakutaja kisu hata mara moja, na mpaka leo naona ingekuwa afadhali angenitukana.

Nilikula nyuma ya kibanda na familia ya mkulima. Nyama ilikuwa tamu, sijapata kula nyama tamu kama ile, nikarudia. Jioni maziwa yalianza kurudi.

Nilipoingia kwa baba, alikuwa amelala ubavu. Aliniuliza, "Mama, ulikula?" Aliniita mama kila mara alipokuwa mpole. Nikamtazama, amekauka vile, nikaona aibu ya mafuta yaliyokuwa bado kwenye midomo yangu. Nilifikiri atafurahi kusikia kwamba binti yake ameshika dini pamoja naye.

"Hapana, baba," nikasema. "Sikukula."

Alimtazama mtoto, kisha mimi. "Kumbe hata weye umekataa," alisema. "Nilikuambia ukule. Sasa huyu mutoto atanyonya nini?" Akageukia ukuta wa majani. Baba yangu alilia, na mimi nikaona haya kusema kwamba nimesema uongo. Nilijiambia nitamweleza kesho.

Kesho yake homa ilikuwa imemchukua akili. Nilimwambia sikioni kwamba nilikula, kwamba nilirudia, kwamba mtoto ananyonya. Nilimwekea mtoto kifuani. Macho yake yalipita juu yetu bila kutujua, na kabla ya adhuhuri akakata roho.

Sijui kama nyama ile ingemponya. Alikuwa mgonjwa, huenda siku zake zilikuwa zimetimia. Hilo namwachia Mungu. Ninachokijua ni kwamba baba yangu alikwenda akidhani nina njaa, na mimi nilikuwa nimeshiba.