Mbawakawa wa Baba

Nafundisha biolojia Makambako, lakini mdudu yule sikuwahi kumwona kwenye kitabu. Baba ndiye aliyenionyesha, likizo moja, kwetu Makete, kwenye nyasi za upande wa Kitulo. Aligeuza jiwe akamtoa mbawakawa mweusi, mabawa yameshikana mgongoni kama gamba la kobe, hawezi kuruka. Ukimgusa anajifanya amekufa.

"Huyu bondeni hayupo," baba alisema. "Nimechunga kondoo hapa tangu utoto. Anakaa kilima hiki tu."

Nilituma picha kwa mtaalamu wa wadudu, naye akaja. Baba, na goti lake bovu, alimpandisha kilimani siku tatu mfululizo, ndani ya ukungu, akigeuza mawe kwa mikono yake. Wakati wa kuagana mtaalamu akamwambia, "Mzee, jina lako tutaliandika." Ahadi hiyo baba aliitangaza kanisani kote.

Andiko lake la kisayansi kuhusu mdudu yule lilipotoka nililisoma kwenye simu mara mbili. Mdudu alikuwa amepewa jina la mwalimu wa yule mtaalamu. Kuhusu baba yaliandikwa maneno machache tu: mchunga kondoo mmoja wa hapo. Nilimwandikia mtaalamu. Hakujibu.

Nilipofika nyumbani, baba alikuwa amewaita wazee wenzake wawili, na mama amechemsha viazi.

"Soma," akasema.

Macho yake hayaoni tena maandishi, na andiko lilikuwa la Kiingereza. Nikasoma kwa kutafsiri. Nikalichomeka jina lake katikati, mara tatu. Wazee wakapiga makofi. Mama akafuta machozi kwa kanga.

Mwezi uliofuata binti wa jirani, anayesoma chuo, alilitafuta andiko ili amsomee baba tena. Akasema ukweli mbele ya wazee wale wale.

Baba akanipigia simu. "Yule mgeni simlaumu sana. Alikuja, akaenda zake. Wewe ulinitazama usoni."

"Nilikuonea huruma, baba."

"Huruma!" akasema, akakata.

Pasaka nilikwenda. Kwa miaka mingi nikiwa nyumbani mimi ndiye humsomea Biblia baada ya chakula. Safari hii alimpa mdogo wangu, anayesoma kwa kukwamakwama, ingawa mimi nilikuwa nimeketi karibu naye zaidi. Sura moja ilichukua muda mrefu mno. Mdogo wangu alikosea maneno mengi, nami sikuthubutu kumsahihisha.